Kwa nini Phoenix Suns ya Steve Nash haikutwaa ubingwa hata mara moja?

Mpenda Kikapu

Habari zenu, wadau wa kikapu. Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikitazama upya michezo ya Phoenix Suns ya kati ya mwaka 2004 na 2010, na kila ninapomaliza mchezo mmoja, swali lilelile hunirudia. Timu hii ilikuwa na Steve Nash, aliyechaguliwa kuwa Mchezaji Bora wa NBA mara mbili mfululizo, mwaka 2005 na 2006. Ilikuwa na Amar'e Stoudemire, ambaye katika fainali ya Kanda ya Magharibi ya 2005, hatua ya mwisho kabla ya fainali ya NBA, aliwafunga San Antonio Spurs wastani wa pointi 37 kwa mchezo, huku akikabwa na Tim Duncan na wenzake. Ilikuwa pia na Shawn Marion, ambaye angeweza kumkaba mlinzi mwepesi katika robo ya kwanza na kugombania ribaundi (mpira unaorudi mtupo ukikosa) na masenta katika robo ya nne. Msimu wa 2003-04 Suns ilishinda michezo 29 tu, na msimu uliofuata, Nash alipowasili kutoka Dallas, ikashinda 62. Kwa misimu mitatu mfululizo hakuna timu iliyoizidi kwa wastani wa pointi za kufunga.

Pamoja na hayo yote, kikosi hicho hakikutwaa ubingwa. Wala fainali ya NBA yenyewe hakikufika. Klabu hii imewahi kucheza fainali mwaka 1976, 1993 na 2021, ikashindwa zote tatu, lakini kizazi cha Nash, ambacho kwa macho yangu ndicho kilichocheza kikapu kizuri kuliko vyote vya klabu hiyo, hakikupata hata nafasi ya kuishindwa.

Maelezo niliyoyasikia hayaniridhishi. Wapo wanaosema timu haikuwa ikikaba, na wengine wanasema ilikuwa na bahati mbaya; lakini bahati mbaya ya misimu sita ni ndefu mno kuwa maelezo kamili. Naomba wanaoifahamu vizuri timu ile wanieleze tatizo lilikuwa wapi hasa. Ombi langu moja ni kwamba tusiseme Nash alikosa moyo wa ushindi, kwa sababu mtu aliyerudi uwanjani pua ikivuja damu mbele ya Spurs mwaka 2007 hawezi kupimwa kwa kipimo hicho.

Shabiki Tangu 1993

Ndugu yangu, mimi nilizishuhudia zile fainali za 1993, mtupo wa pointi tatu wa John Paxson wa Chicago Bulls ulipoizamisha Suns ya Charles Barkley kwa 99 kwa 98, na nilidhani sitaumia tena kwa ajili ya timu hiyo. Kisha ukaja mwaka 2007.

Kwangu mimi jibu ni mchezo wa nne wa mzunguko wa pili wa mtoano dhidi ya Spurs mwaka huo, mfululizo ambao wa kwanza kushinda michezo minne ndiye husonga mbele. Suns ilishinda ugenini kwa 104 kwa 98, na mfululizo ukawa sawa kwa michezo miwili kila upande, huku wa tano ukiwa unarudi Phoenix. Sekunde chache kabla ya mwisho, Robert Horry wa Spurs alimsukuma Nash kwa kiuno hadi akagonga meza ya watunza alama. Stoudemire na Boris Diaw walinyanyuka kwenye benchi na kupiga hatua kadhaa kuelekea kwa mwenzao. Hawakumgusa mtu, wala hawakuufikia mzozo wenyewe. Ila kanuni ya ligi ilisema kwamba mchezaji yeyote anayeondoka eneo la benchi wakati wa mzozo anafungiwa angalau mchezo mmoja, na ligi ikaitekeleza neno kwa neno. Horry alifungiwa michezo miwili, lakini yeye alikuwa mchezaji wa akiba aliyekuwa ukingoni mwa maisha yake ya uchezaji. Suns ilipoteza mfungaji wake mkuu na msaidizi wake.

Mchezo wa tano Suns iliongoza kwa muda mrefu, ikachoka, kisha Bruce Bowen akafunga pointi tatu ikiwa imebaki chini ya dakika moja, na Spurs ikashinda 88 kwa 85. Timu iliyokuwa ikifunga zaidi ya pointi 110 kwa mchezo iliishia 85. Spurs ikamaliza mfululizo katika mchezo wa sita, kisha ikaifunga Cleveland michezo minne kwa sifuri katika fainali. Anayeniambia kwamba Suns ile isingeifunga Cleveland ile, nitamsikiliza kwa heshima, lakini sitakubaliana naye.

Najua kanuni ilikuwa na sababu zake. Mwaka 1997 wachezaji kadhaa wa New York Knicks walifungiwa kwa kosa hilohilo katika mfululizo wao na Miami, kwa hiyo haikutungwa kuionea Phoenix. Hata hivyo, kanuni inayomwadhibu zaidi aliyetendewa kuliko aliyetenda ina kasoro, na kasoro hiyo iliamua ubingwa.

Kocha wa Vijana

Mkuu Mpenda Kikapu, swali lako limenigusa, kwa sababu timu hii ndiyo ninayowatajia vijana wangu kila wanapodhani kwamba watano wazuri wanatosha. Ninakubaliana na Shabiki Tangu 1993 kwamba adhabu ya 2007 ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini naomba tujiulize swali lililo nyuma ya lile lake: kwa nini kukosekana kwa wachezaji wawili katika mchezo mmoja kuliitikisa timu iliyoshinda michezo 61 msimu ule? Tazama upya mchezo wa tano na uangalie nani anaingia na nani anatoka. Nash na Marion wanacheza karibu mchezo mzima, Raja Bell vilevile, na mzigo wote unabebwa na takriban wachezaji sita. Kufikia robo ya nne miguu imekwisha, na timu ambayo silaha yake ni kasi haina tena silaha.

Kwa maoni yangu tatizo liko hapo, na halikuanza siku Horry alipotoa kiuno chake. Suns ilipoteza ubingwa kuanzia kiti cha sita hadi cha tisa cha benchi, na ilivipoteza viti hivyo wakati wa kiangazi, mbali na uwanja, kidogo kidogo, katika siku za drafti (zoezi la klabu kuchagua wachezaji chipukizi kwa zamu) na za mikataba.

Fuatilieni pamoja nami. Mwaka 2004 Phoenix ilikuwa na chaguo la saba. Chaguo hilo likawa Luol Deng, naye akapelekwa Chicago. Hilo siwezi kulilaumu sana, kwa kuwa ni majira hayohayo klabu ilipokuwa ikitafuta nafasi ya mishahara ya kumsajili Nash. Lakini mwaka 2006 ikawa na chaguo la 21, likawa Rajon Rondo, akapelekwa Boston siku ileile kwa malipo ya chaguo la mwaka uliofuata, na miaka miwili baadaye Rondo alikuwa mlinzi wa kwanza wa timu iliyotwaa ubingwa. Chaguo lile la mwaka uliofuata, la 24 mwaka 2007, likawa Rudy Fernandez, naye akauzwa Portland kwa fedha taslimu pamoja na James Jones, mmoja wa wachezaji wachache wa akiba waliokuwa wakipata dakika. Kwa hiyo nafasi moja iligeuzwa kuwa nyingine, na ile nyingine ikageuzwa kuwa hundi, na uwanjani hakuna mtu aliyeongezeka.

Baya kuliko yote, kwa hesabu yangu, ni la Kurt Thomas. Huyu ndiye mkabaji bora wa Tim Duncan ambaye Suns ilikuwa naye: hakuwa mwepesi, hakuwa mfungaji wa kutisha, lakini alikuwa na nguvu, alijua kusimama mahali pake na hakudanganywa kwa urahisi. Kiangazi cha 2007 alipelekwa Seattle ili kupunguza kodi ambayo klabu ilitakiwa kulipa kwa kuvuka kikomo cha mishahara, ambapo kila dola iliyozidi ilitozwa dola nyingine. Na ili Seattle ikubali kumpokea, Phoenix iliongeza machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Moja kati ya hayo likaja kuwa Serge Ibaka kutoka Kongo. Kisha, Februari 2008, Seattle ikamhamishia Thomas wapi? San Antonio. Miezi michache baadaye Suns na Spurs zilikutana katika mzunguko wa kwanza, na mtu ambaye Phoenix ililipa ili aondoke alikuwa amevaa jezi ya wale ambao aliajiriwa kuwazuia.

Sisemi kwamba Rondo, Fernandez na Ibaka wote wangekuwa nyota wakiwa Phoenix. Chipukizi hukua kwa namna tofauti kulingana na mahali wanapopandwa, na Mike D'Antoni, kocha wa Suns wakati ule, hakuwa mtu wa kumpa kijana dakika za kujifunzia; mzunguko wake ulikuwa wa wachezaji saba au wanane, na katika mtoano ulipungua zaidi. Pengine hata wangebaki, wangekaa tu. Lakini kocha anayewaamini wachezaji saba na mmiliki anayeona kiti cha tisa kuwa gharama hukutana katikati, kila mmoja akimpa mwenzake sababu ya kuendelea. Rondo hakuhitajika kuwa Nash. Alihitajika kumpumzisha Nash dakika kumi na tano kwa mchezo, ili mtu mwenye mgongo mbovu kama ule, ambaye watazamaji wote tulimwona akilala chali sakafuni kando ya benchi ili usikaze, afike mwezi wa Mei, wakati wa mtoano, akiwa na nguvu.

Kwa haki yao niseme kwamba Leandro Barbosa alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa akiba wa ligi mwaka 2007. Benchi halikuwa tupu kabisa. Lakini mmoja si benchi.

Nguzo ya Ulinzi

Nimeyasoma maelezo ya Kocha wa Vijana na ninayaheshimu, lakini naona yanaikwepa hoja ambayo muuliza swali ameipita haraka. Katika mifululizo minne dhidi ya Spurs na Dallas kati ya 2005 na 2008, Suns ilishindwa kumzuia mtu pale ilipobidi. Duncan alifunga pointi 40 katika mchezo wa kwanza wa 2008. Katika mchezo huohuo alifunga mtupo wa pointi tatu mwishoni mwa muda wa nyongeza wa kwanza, ilhali msimu wote wa kawaida hakuwa amefunga hata mmoja, na Spurs ikashinda 117 kwa 115 baada ya nyongeza ya pili. Watu huuita muujiza. Mimi nautazama na kuona mtu mrefu aliyeachwa peke yake kwa sababu hakuna aliyedhani angetupa, na timu inayojali ulinzi haimwachi mtu kwa kudhani.

Timu za mbio hufunga sana Januari. Mwezi wa Mei mchezo hupungua kasi, waamuzi huruhusu kugusana zaidi, na anayejua kukaba ndiye anayebaki.

Kocha wa Vijana

Ndugu Nguzo ya Ulinzi, nakubali kwamba mtupo ule wa Duncan ulipaswa kukabwa, na sina utetezi. Lakini juu ya ulinzi kwa ujumla, naomba tuwe waangalifu na namba. Suns iliruhusu pointi nyingi kwa sababu michezo yake ilikuwa na mashambulizi mengi zaidi kuliko ya timu nyingine. Ukihesabu pointi zilizoruhusiwa kwa kila shambulizi, ilikuwa katikati ya ligi, si mkiani. Bell alikuwa mkabaji wa kweli. Marion alikabidhiwa Tony Parker, mlinzi mwepesi wa Spurs, mwaka 2007, kazi ambayo mchezaji wa kimo chake kwa kawaida hapewi.

Na hoja ya kwamba timu za mbio haziwezi kutwaa ubingwa ilipata jibu mwaka 2015. Golden State Warriors walitwaa ubingwa kwa kukimbia, kwa pasi na kwa mitupo ya mbali. Kocha wao alikuwa Steve Kerr, aliyekuwa meneja mkuu wa Phoenix kati ya 2007 na 2010. Msaidizi wake alikuwa Alvin Gentry, aliyemfuata D'Antoni baadaye kama kocha wa Suns. Na kwenye benchi alikuwapo Barbosa huyohuyo. Warriors walikaba vizuri zaidi kuliko Suns, hilo ni kweli. Lakini walikuwa pia na Andre Iguodala, ambaye msimu wote wa kawaida alianzia benchi na mwishowe akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mtu wa namna hiyo kukaa akiba! Phoenix ya 2007 isingeweza hata kuwazia jambo hilo.

Mpenda Kikapu

Nawashukuru sana. Naona nilikosea kuweka bahati mbaya na uendeshaji wa klabu katika vikapu viwili tofauti. Nina swali la nyongeza kuhusu Joe Johnson. Mwaka 2005 alivunjika mfupa wa pembeni mwa jicho katika mchezo wa pili dhidi ya Dallas, akakosa michezo miwili ya kwanza dhidi ya Spurs, yote ikiwa Phoenix, na yote miwili ikapotea. Kiangazi hichohicho akaondoka kwenda Atlanta. Je, huyu ndiye aliyekuwa pengo kubwa kuliko hao wa drafti?

Shabiki Tangu 1993

Kwa maoni yangu, ndiyo. Alikuwa na umri wa miaka 23, karibu nusu ya mitupo yake ya pointi tatu ilikuwa ikiingia, na alikuwa mtu pekee mbali na Nash aliyeweza kujitengenezea nafasi ya kutupa pale mpango wa kwanza unapokwama. Mazungumzo ya mkataba wake na klabu hayakufika popote wakati alipokuwa bado wa bei ya wastani, na baadaye Atlanta ikampa dola milioni 70 kwa miaka mitano. Malipo ya Phoenix yalikuwa Diaw na machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Diaw alikuwa mchezaji mwenye akili adimu na msimu wa 2005-06 aliibeba timu kwa namna nyingi Stoudemire alipokuwa amefanyiwa upasuaji wa goti na kucheza michezo mitatu tu. Lakini hakuwa mfungaji wa sekunde za mwisho.

Hapo sasa ninaanza kumwelewa Kocha wa Vijana. Mimi siku zote nimeikumbuka 2007 kama wizi. Nikiorodhesha Johnson, Thomas na wale chipukizi, naona kwamba timu iliyoingia uwanjani siku ya mchezo wa tano ilikuwa imeshapunguzwa mara kadhaa kabla ligi haijaipunguza mara ya mwisho. Bado nina hasira na adhabu ile, lakini hasira yangu ina anwani mbili sasa.

Kocha wa Vijana

Niongeze jambo moja ambalo naona linatoa ushahidi kutoka upande wa pili. Mwaka 2010 Suns ilikuwa dhaifu kuliko ile ya 2007 kwa majina. Marion alikuwa amebadilishwa kwa Shaquille O'Neal tangu Februari 2008, O'Neal naye alikuwa ameshaondoka, Nash alikuwa na miaka 36, na msimu uliotangulia timu haikufika hata mtoano. Lakini Gentry alifanya jambo ambalo D'Antoni hakulifanya: aliwachezesha wachezaji kumi, tangu mwanzo wa msimu, hata ilipogharimu mchezo mmoja mmoja. Goran Dragić, Jared Dudley, Channing Frye, Louis Amundson na Barbosa walikuwa timu ya pili kamili, yenye mchezo wake.

Matokeo yake, katika mzunguko wa pili Spurs, walewale waliowatoa mwaka 2005, 2007 na 2008, walifungwa michezo minne kwa sifuri. Katika mchezo wa tatu, mjini San Antonio, Dragić aliingia na kufunga pointi 23 katika robo ya nne pekee huku Nash akiwa ameketi akishangilia. Fainali ya kanda dhidi ya Lakers, mchezo wa nne, benchi lilifunga karibu nusu ya pointi zote za timu na mfululizo ukawa sawa. Kisha mchezo wa tano, sare, sekunde zikiisha, mtupo wa Kobe Bryant haukufika, na Ron Artest akaudaka mpira chini ya kikapu na kuuweka ndani, 103 kwa 101. Baada ya mchezo wa sita msimu ukaisha, na kiangazi kile Stoudemire akaenda New York.

Kwa hiyo Suns ya majina madogo na benchi refu ilifika mbali sawasawa na Suns ya majina makubwa zaidi na benchi fupi, na iliwatoa wapinzani ambao ile nyingine haikuwahi kuwatoa. Ningetamani kuwaona Johnson, Marion na Stoudemire wa 2005 wakiwa na wale vijana watano nyuma yao. Vilikuwa vitu vya klabu moja, miaka mitano tu kati yake, na Nash alikuwapo pande zote mbili.

Nguzo ya Ulinzi

Hoja ya 2010 sikuwa nimeifikiria, nami naipokea. Ninabaki na msimamo kwamba ribaundi ile ya Artest ni suala la ulinzi: mtu hakuzuiwa njia ya kuufikia mpira, na hilo halihusiani na urefu wa benchi.

Mpenda Kikapu

Ahsanteni wote. Nilikuwa nimeiruka 2010 kwa sababu niliidhania kuwa mkia wa hadithi. Leo jioni nitaanza na mchezo wa tatu wa San Antonio, nami nitamtazama Nash akiwa benchi katika robo ile ya nne, kwa kuwa katika michezo yote niliyoitazama hadi sasa sijamwona akipumzika katika robo ya nne ya mchezo ambao bado ulikuwa na ushindani.